Mchezaji wa Pili

Daktari alisema: sukari, na presha juu yake.
Tembea, mama, kila siku nusu saa.
Nikamwambia niko Katuba, daktari,
kiangazi hiki vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa,
na malori ya madini hayamjui mtembea kwa miguu.
Aliendelea kuandika. Kalamu yake haikutua.

Basi mjukuu wangu Kaumba
akaleta mashini yake, nyeusi, ndogo kama sanduku la viatu,
na jicho lake akaliweka juu ya televizio.
Akachora alama ya chaki sakafuni.
"Simama hapa, Kambo. Hakuna cha kushika.
Mwili wako ndio unacheza."

Mwili gani? Miaka thelathini na nane
nimecheza kwa mguu mmoja, ule wa kukanyaga cherehani.
Magauni ya harusi, sare za shule, suti moja ya kuzikia.
Kiuno kiliketi kikasahau kazi yake.

Nikasimama. Kwenye kioo akatokea mtu wa kijani:
kichwa, mabega, mikono miwili,
na chini ya kiuno, moshi.
Naruka, yeye anaelea.
Napiga teke, yeye anapunga mkono.
"Mashini haione miguu yako, Kambo.
Inaona kitenge."

Kitenge changu!
Kimebeba watoto wanne mgongoni,
kimefunga pesa ya kodi kwenye pembe yake,
kimeficha mimba hadi mwezi wa sita mama mkwe asijue.
Na leo kimeidanganya mashini.

Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku.
Suruali ya Monga, ile ya kazi, ya buluu,
yenye utepe unaong'aa magotini.
Bado ina harufu ya grisi na tanuru
ingawa nimeifua mara tatu
na mwenyewe ana mwaka wa sita chini ya udongo mwekundu.
Nikaivaa. Ilinibana nyonga, ikaburuzika chini.
Fundi mzima, nimevaa nguo isiyonikaa!
Kaumba hakucheka. Aliinama akanikunjia pindo.

Ndipo mtu wa kijani akapata miguu.

Inua goti. Nikainua.
Vunja tofali. Kwepa jiwe. Ruka mto,
mimi ambaye mto nimeuvuka darajani tu.
Vikombe kabatini vikaanza kusemezana.
Mama Kyungu wa jirani akagonga ukuta,
kisha akaja mwenyewe, mwiko wa bukari mkononi,
kuuliza kama tunapigana.
Aliangalia suruali. Akarudi kwake bila neno.

Alama mia mbili na kumi. Jasho limeniingia machoni.
Hapo mashini ikalia ting,
ikaandika kwa Kifaransa, Kaumba akasoma:
mchezaji wa pili ameingia.

Tuligeuka. Mlango umefungwa.
Ukutani, kwenye msumari, koti la Monga
nililolitoa pamoja na suruali lipate hewa kidogo.
Mikono inaning'inia, kola imesimama.
Na kwenye kioo, pembeni yangu,
mtu wa njano, mabega mapana, ametulia.

"Niliondoe?"
Liache, nikasema.

Tukacheza mizunguko mitatu.
Mimi naruka, yeye haruki.
Mimi nakwepa mawe, yeye yanampiga yote
wala hasogei,
kama alivyokuwa kwenye kila sherehe tuliyoalikwa,
chupa mkononi, mgongo ukutani,
akinitazama nikicheza.
Mimi alama mia nne na tisini. Yeye sifuri.
Mashini ikamwambia kwa upole ajaribu tena.

Kisha umeme ukakatika, saa mbili kasorobo,
mtaa wote ukapiga ile kelele yake: eeeh!
Gizani nikausikia moyo wangu ukiendelea,
kama cherehani inayokimbia bila kitambaa.
Kaumba alikuwa akipapasa kutafuta mshumaa.

Kesho, nikamwambia, nitaitanua nyonga.
Pindo nitaliacha hivyo ulivyolikunja.