Usitandike Kitanda

Etelka, ingia kwa mlango wa mbele.
Najua miguu yako itataka kukata kushoto,
kwenye kichochoro cha mapipa, penye mlango wa chuma
tulioupiga teke kila alfajiri, miaka ishirini na tisa.
Usiifuate. Panda ngazi za marumaru.
Ödön atakufungulia na kujifanya hakujui;
mwache, amefanya mazoezi tangu Jumatatu.

Mapokezi, omba chumba cha upande wa mto,
ghorofa ya tano, mbali na lifti.
Mia nne na kumi na mbili ukatae, hata wakikusifia pazia:
wewe ndiye uliyenionyesha bomba linavyokoroma
saa tisa ya usiku.
Wakitaka kadi ya benki, toa ile aliyokupa Barnabás.
Ni amana tu, itarudi. Usitetemeke.
Wanao wamelipia siku mbili pamoja na kifungua kinywa,
na kifungua kinywa, shoga yangu, ni kukaa na kula,
si kufunga mikate miwili kwenye leso.
Haya, mmoja. Ule wa jibini.

Friji ndogo usiiguse,
hata kwa kusogeza chupa ufute vumbi.
Rafu ile ina mzani, na mzani hauna huruma:
ukiinua soda, bili imeshaandikwa.
Maji ya bomba ya Budapest hayana kasoro, jaza glasi.

Taksi inayonguruma mbele ya mlango, ipite.
Mwambie Ödön aite nyingine kwa simu,
au vuka barabara ungoje tramu ya njano,
ukae dirishani, uitazame Danubi
kama mtu asiye na vyumba kumi na vinne vya kumaliza.

Jioni vaa joho jeupe, ushuke kwenye maji ya moto.
Joho halichukuliwi nyumbani. Ndala zinachukuliwa.
Sabuni pia, na shampuu, na ile kofia ya kuogea
ambayo hakuna aliyewahi kujua kazi yake.
Mlango wa bwawa ni wa kioo; hutakuwa na alama za vidole,
nimeufuta. Usiukague.

Bakshishi acha kila asubuhi, si siku ya kuondoka:
zamu hubadilika, na aliyesugua choo chako jana
leo yuko ghorofa ya pili akisugua cha mwingine.
Iweke juu ya mto. Pesa ya mezani tunaiogopa,
wakumbuka yaliyompata Margit
kwa noti moja iliyosahauliwa.
Lakini wewe usiache kitu,
maana atakayekuja ni mimi.
Nimebadilishana zamu na Ildikó.
Nitagonga mara tatu, niseme "usafi"
kwa ile sauti, nawe ujibu "baadaye"
kwa ile sauti yao. Jaribu. Inauma kidogo, kisha inanoga.

Na sasa lililo gumu.
Usitandike kitanda.
Nikikuta pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha
nitazivuruga mwenyewe na nisikuongeleshe hadi Pasaka.
Taulo moja tupa sakafuni. Moja tu.
Ukishindwa, iangushe kama bahati mbaya,
kisha toka chumbani haraka.

Kuondoka ni saa tano, ila ukiomba usiku uliotangulia
wanakupa hadi saa saba, bure. Hawasemi. Omba.
Mgeni siku mbili, na mbili zako zitakuwa zimetimia;
ya tatu, mikono ikikuwasha,
hapa jembe hatuna, lakini brashi ipo.

Nje utakuwa na mto unaopita,
ndani mto usiokwenda popote.
Lala kwenye huo wa pili mpaka uchoke.
Shimo litakaloachwa na kichwa chako
niachie. Nitalipiga mimi, taratibu,
nikishalitazama.