Jicho Moja Moja

Daktari Hasmik alinivuta ngozi chini ya jicho
kwa ncha ya kidole gumba, kama fundi anayepima mnyambuko wa kitambaa,
akaisogeza taa.
"Weusi ukibaki palepale, ni rangi.
Ukigeuka zambarau, ni damu inayochungulia.
Ukitoweka, ni kivuli tu cha bonde."
"Na wangu?"
"Wako, Sirvard," akasema, karibu kwa furaha, "ni vyote vitatu."

Nje, Gyumri ilikuwa Februari,
theluji ya siku tisa imepiga weusi kandokando ya barabara,
nayo pia ilihitaji daktari.

Nieleze kilichonileta.
Nazeli wangu anaolewa Mei. Mpiga picha wa harusi,
kijana wa viatu vyeupe, ameahidi kunifuta vivuli kwa kompyuta, bure.
Bure!
Miaka hamsini na sita nimevibeba,
na marehemu baba alivibeba kabla yangu,
leo aje mtu avifute kwa kubofya?
Nikaona heri nijifute mwenyewe, kwa fedha yangu.

Daktari akaandika nyuma ya fomu, bila haraka.
Kwanza damu ipimwe, tuone kama chuma imepungua.
Vitamini C asubuhi, tone moja tu, na kinga ya jua hata kukiwa na mawingu.
Leza, mara nne, tukikubaliana bei.
Sindano ya kujaza bonde:
"hiyo ipo, na wapo watakaokudunga leo hii,
lakini pale pana mishipa inayokwenda jichoni,
na mimi mkono wangu huwa mzito pale."
Retinoli kidogo, usiku.

"Usiku upi?" nikauliza.

Akaniangalia. Hakujua kwamba usiku niko zamu,
kituo cha mitetemeko, chumba cha chini kisicho na dirisha,
nikilinda mstari.
Ni mstari tu, mwembamba, wa kijani, unapumua kwenye skrini.
Lori la mawe likipita barabarani, unapiga chafya.
Miaka thelathini na moja nauangalia
kama unavyoangalia maziwa jikoni:
geuka kidogo, yamefurika.

Desemba ile nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Ilikuja mchana, karibu saa sita.
Watoto madarasani, wafumaji viwandani,
shangazi akimenya viazi.
Mji mzima ulikuwa macho.
Kuwa macho hakukumfaa mtu.

Na bado, tazama kazi niliyoichagua.

Hayo sikumwambia daktari. Yana krimu gani?
Nilisema tu, "Mimi hulala asubuhi."
Akakata neno *usiku*, akaandika juu yake:
*kabla ya kulala, saa yoyote iwayo*.
Nikampenda kwa ule mkwaruzo wa kalamu.

Mama mkwe, Varsenik, hana imani na vichupa.
"Vijiko viwili, baridi, basi. Sisi tulivichomeka kwenye theluji
na tukaolewa vilevile."
Ananifungia viwili kwenye kitambaa cha mkate kila nikitoka,
vya fedha, vyenye mpini uliopinda,
walivyovifukua kwenye kifusi vikiwa vizima
wakati sahani zote zimekwisha.

Majibu ya damu yametoka. Chuma imepungua kweli.
Nameza vidonge, tumbo linanung'unika.
Retinoli naipaka saa mbili asubuhi, pazia limefungwa,
naiambia ngozi yangu uongo kwamba kumekucha usiku.
Daktari anasema miezi mitatu. Mei haijui kuhesabu hivyo.
Mpiga picha nimemwambia: punguza, usifute.

Na saa tisa za usiku, joto la mashine likinizidi,
nakifungua kitambaa.
Kijiko kimoja.
Nakiweka chini ya jicho la kushoto, baridi inaingia hadi kwenye jino,
huku la kulia likibaki kwenye mstari.
Halafu nabadilisha.