Ungo

Utotoni niliwasikia wakinong'ona jikoni:
dada yako kavunja ungo.
Nikaenda kuukagua.
Ungo upo ukutani, umening'inia msumarini,
mzima, na chuya mbili tatu zimenasa ukingoni.
Nikasema, Mama, mbona haujavunjika?
Nikapigwa kofi la mgongo, nikafukuzwa nikacheze.
Ndiyo elimu yote niliyopewa.

Leo nina miaka arubaini na moja,
fundi cherehani, duka la mlango mmoja, Gadeni.
Sare za skuli zote za mji huu
nazijua kwa rangi ya uzi.

Alfajiri Somoe kasimama kizingitini.
Hakuvaa sare niliyoipiga pasi usiku.
Kajifunga kanga ya mamake, ile iliyosahauliwa kambani,
anatazama vidole vya miguu yake.
"Baba, leo siendi."
Tumbo? Kichwa? Mwalimu kakukosea?
Akatikisa kichwa mara tatu, kisha akalia
kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.
Hapo nikajua.

Jina lake Somoe, na somo hana.
Mamake yuko Dammam, analea mapacha wa wenyewe,
hupiga simu Ijumaa baada ya Alasiri, mtandao ukitaka.
Leo Jumanne.
Shangazi zake wawili: mmoja kaburini,
mwingine hatusemezani
kwa ajili ya vyumba viwili na kisima cha maji ya chumvi.

Nikatoka.
Usita wa Mui ni mrefu ukiwa na jambo usoni.
Duka la kwanza, wazee watatu barazani:
nikanunua betri.
Duka la pili, muuzaji ni mtoto wa mwalimu wangu wa chuo:
nikanunua kiberiti.
La tatu, kwa Lali Famau, mwenzangu wa karata,
nikasema upesi, kama mtu anayetema mwiba wa samaki:
nipe pedi.
Lali hakucheka.
"Za ukubwa gani?"
Mimi, ninayepima watu kwa futi tangu ujana, sikujua.
Akampigia mkewe. Mkewe akaeleza,
sauti ya simu iko juu, baraza zima likasoma nasi.
Punda akapita na magunia ya mchanga,
hakuna aliyempisha.

Akanifungia kwenye gazeti, mara mbili, kama magendo.
Nyuma ya ukuta wa msikiti nikafungua,
nikasoma maandishi madogo, mchoro, mishale,
kama fundi mwanagenzi aliyepewa mshono asioujua.

Nikabisha mlango wa chumba cha mwanangu.
Sijawahi kuubisha.
Nikapenyeza mfuko. Nikakaa chini,
mimi upande huu, yeye upande ule, ubao katikati.
Nikasema, fuata mishale.
Maji ya moto yako jikoni.
Hukuvunja kitu.
Kimya.
"Baba, wewe umejuaje?"
Nimejua saa hii, mama. Wino haujakauka.
Kikaja kicheko, kidogo, cha pua yenye kamasi.

Adhuhuri akaja Bi Barke; mji huu hauna pazia.
Kaleta uji wa pilipili manga na lawama:
"Mwanamume wewe, mambo haya si yako."
Nikampisha aingie. Anayo ya kumwambia ambayo mimi sinayo,
na kweli walikaa hadi adhana ya Alasiri, mlango umefungwa.
Lakini sikwenda dukani.
Niliiburuta cherehani hadi ukumbini,
nikachukua mabaki ya kitambaa cha sare, buluu,
nikashona vifuko vitatu vya kifungo kimoja
vya kukaa ndani ya mkoba wake,
asije akafungiwa gazeti tena.
Kifungo cha tatu nilikishona mara mbili.
Sijui kwa nini. Mikono ilitaka.

Jioni nikamkuta jikoni anapepeta mchele
kwa ungo ule ule wa bibi yake.
Makapi yanaruka, chuya anaziokota kwa kucha.
Nikausogelea ungo, nikaupitisha kidole ukingoni, pande zote.
"Wautafuta nini, baba?"
Si kitu.
Akaendelea kupepeta. Kisha, bila kuinua macho:
"Na zile betri ni za nini?
Sisi tochi hatuna."