Sindano Sabini na Mbili

Tulikikuta nyuma ya radieta tatu zilizokufa,
gereji ya Mjomba Muhenna, Wadi Kabir,
siku ya nne baada ya hitima:
kidude kimevikwa fulana kuukuu, kimefungwa waya wa umeme,
mafundo ya mtu asiyetaka kuulizwa.

Kizito. Cheusi, na maua ya dhahabu yaliyobanduka.
Mkono wa kuzungushia. Magurudumu mawili ya meno, yanaumana.
Kibanio cha kung'ata ukingo wa meza.
Na katikati kopo la chuma, halina mfuniko, halina kitako,
ubavuni limechongwa mifuo,
na kila mfuo una sindano, na kila sindano ina ulimi
unaofumba na kufumbuka kama mdomo wa kifaranga.
Nilihesabu mara mbili: sabini na mbili.

"Cha kujazia risasi," akasema Dad Karim, fundi wa kuchomea,
akarudi nyuma hatua moja.
Kunjumon akakinusa. Hakikusaga kahawa, wala pilipili;
pilipili ingenuka mpaka kiama.
Muuza spea wa jirani akakitia bei kabla hajakijua, riali kumi na mbili.
Mwalimu Shawqi, aliyekuja kubadilisha brekipedi,
akatuhubiria nusu saa habari za pampu.
Tukamshukuru. Pampu gani ina sindano?

Mimi nilidhani saa.
Mjomba alikuwa mtu wa kupima: sukari kijiko na robo,
salamu neno moja.
Mikono alikuwa nayo miwili kama watu wote,
ila ukikosea nati utaapa ni minne.
"Uingereza nilikuwa injinia." Basi, hilo tu.
Ukiuliza zaidi unapewa spana uisafishe.

Ijumaa nikakipeleka Al-Khuwair, kwa dada yake, Bi Raya,
ambaye presha ya macho ilimwibia nuru mwaka juzi.
Sikumwambia kitu. Nikakibana kwenye meza ya kulia,
tone la mafuta ya cherehani,
nikazungusha.

Kri-ta-ta-ta. Kri-ta-ta-ta.

Akaweka kikombe chini.
"Zima redio."
Redio haikuwa imewashwa.
"Zungusha tena. Wewe unakimbiza. Yeye hakuwa akikimbiza,
uzi ulikuwa wa kukopa."

Kisha: "Soksi, mwanangu. Hicho cha kusukia soksi."

Portsmouth, chumba kimoja, watu watano,
mita ya gesi inayokula sarafu kuliko sisi tulavyo mkate.
Bandarini walimwambia rudi Jumatatu;
akarudi Jumatatu zote.
Mwenye nyumba, mjane wa Kizungu, akakitoa darini.
"Jozi ya kwanza yangu mimi, ya kijivu.
Kisha za wenzetu. Kisha za mtaa mzima,
wananunua kwa yule bibi, wanadhani kasuka yeye."

"Na uinjinia?"

"Anayeutia mrija kisigino ni nani, kama si injinia?"

Akanyoosha mkono. Vidole vikatembea juu ya sindano
moja moja, vikasimama.
"Hapa. Hizi mbili zilipinda.
Nilizipiga kwa mwiko mimi, nikamwambia aache kazi ya kike.
Hakunijibu. Alizinyoosha kwa koleo.
Tangu siku ile akawa anasuka usiku."
Chai yake ikapoa. Sikuthubutu kumwongeza.

Jumamosi, digrii arubaini na sita kivulini.
Tumenunua Matrah uzi wa kudarizia kofia, mweupe na zambarau.
Kinatoka mrija, mrija, mrija.
Kisigino hatukijui. Bi Raya anakumbuka sauti,
mikono hakuiangalia.

Kunjumon akaukata mrija kwa kisu cha mkanda,
akauvuta mkononi, kifundo mpaka kiwiko,
akauzamisha mkono ndani ya injini ya Land Cruiser
iliyozimwa sasa hivi, bado inatoka mvuke.

"Haiunguzi," akasema toka chini ya boneti.
"Fanya na wa kushoto."