Kiganja Juu ya Picha

Sisi wa Urambo tunajua kupangwa madaraja.
Kila msimu mteuzi hupita kati ya marobota ya tumbaku,
ananyofoa jani, ananusa, analipinda karibu na sikio,
anaandika herufi na namba, anasonga.
Hakuambii bani lako lilivuja wapi.
Hakuambii ni usiku upi moto ulikuzidi.

Basi aliposhuka garini Bi Gaudensia Kapaya,
afisa elimu mpya, karatasi za mistari kwapani,
nikasema moyoni: mteuzi huyo.
Miaka ishirini na sita nimeshika chaki.
Darasa langu la pili husoma mpaka bati linatetemeka:
Ba-ba a-na-li-ma! Ma-ma a-na-pi-ka!
Wapita njia husimama na baiskeli zao.

Hakutaka kwaya.
Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti kidevuni,
akawaita mmoja mmoja. Dakika moja, ukurasa mmoja,
na kila mtoto alipofika, aliweka kiganja juu ya picha.

Kashindye binti Mahona, mwenye sauti ya kuamsha kijiji,
alimtazama mama yule, akatazama kiganja,
akatazama nje.

Sitini na watatu darasani. Arobaini na mmoja, kimya.
Sikuwahi kujua kalamu ina kishindo.

Usiku nilimwambia mke wangu: wamekuja kuniaibisha.
Alikuwa anachambua majani kwenye mkeka,
mabovu huku, mazuri kule. Hakuinua uso.
"Kwani umewahi kumsikia mmoja, peke yake?"
Nilizima taa kabla hajamaliza kazi.

Siku ya matokeo, ukumbi wa halmashauri,
tulikaa kama wenye madeni. Nilingoja daraja langu.
Akauliza: "Mwezi wa pili na wa tatu
mahudhurio yanazama kama jiwe. Watoto wako wapi?"
Mtu wa nyuma akajibu: "Mabanini, wanachochea."
"Na walimu?" Tukacheka. Tukaacha kucheka.
"Na wale walioko darasani, wanakwama herufi gani?"
Mimi, wa miaka ishirini na sita, sikujua.

Jumamosi nane, kituo cha walimu.
Aliyetufundisha ni Tuntufye, mtoto wa Tukuyu,
ajira ya juzi, ndevu bado hazijaelewana.
Alisema: herufi ina jina, na ina sauti;
mtoto mmempa majina, sauti mmezifungia kabatini.
Nilikunja mikono. Jumamosi ya tatu nikaikunjua.
Nikasema "mmm" mbele ya watu wazima, midomo imefumba,
kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni,
nikaona, kwa mara ya kwanza,
mlango wa neno "mbuzi" ulipo.

Bi Gaudensia alirudi.
Hilo niliandike vizuri: alirudi.
Alipanda bodaboda, maana mvua ilikuwa imekula daraja,
akafika na tope mpaka kwenye nywele,
akaomba maji, na lile dawati dogo.

Sasa nina daftari lisilo la mahudhurio.
Lina majina, na mbele ya kila jina, kikwazo chake.
Nkamba: ng'. Sayi: dh. Mihambo: kila kitu,
ila hesabu anazijua kuliko mimi.
Kashindye nimemfuta. Juzi nilimkuta ghalani
anausoma mfuko wa mbolea, kidole kinafuata,
mpaka anwani ya kiwanda.

Kumi na tisa bado.
Sijui kama watafika kabla mabani hayajawashwa.
Baba yake Sayi ameshakata kuni; nimeziona.
Kesho saa moja na nusu, kabla ya kengele,
mimi na Sayi na dh,
na kiganja changu, kinachonuka chaki na tumbaku,
juu ya picha.