Sumaku

Nina milioni tatu na laki mbili.
Nimezihesabu mara nne kitandani hosteli,
mlango nimeuegemeza ndoo.
Laki nane ni bumu nililolinyima tumbo,
nyingine za kuwachapia wenzangu ripoti zao usiku,
ukurasa mia mbili,
na laki sita za mjomba Sekiete
aliyesema: "Nakukopesha. Sikupi. Andika."
Nikaandika.

Zamu wodini inaisha saa tatu usiku
na bodaboda wa saa hizo ana bei yake, na macho yake.
Ndiyo maana nataka gari. Si fahari.
Basi, na fahari kidogo.

La kwanza lilikuwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
jekundu, linameta kama kucha za bi harusi.
Dalali Kibwana hakusema, alighani:

    "Rangi mpya, matairi, ukiliona walia,
    injini yake ya siri, hata paka hasikia!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka,
kisha nikatoa sumaku.

Ilitoka kwenye spika ya redio ya bibi,
nimeivisha soksi isikwaruze rangi ya mtu.
Boneti, ikashika. Mlango, ikashika.
Juu ya gurudumu la nyuma
ikateleza, ikaanguka mchangani.
Nikairudisha. Ikaanguka tena.
Hapo hapakuwa na bati:
palikuwa na puti, na rangi, na maneno.
Chumvi ya Tanga ilishakula hapo, ikashiba,
ikafunikiwa kawa.
Kibwana akatazama juu
kama anayetafuta mvua.

La pili, Chumbageni, la kijana mpole wa benki.
Aliniambia nije saa mbili asubuhi.
Nikafika saa moja na nusu, nikaweka kiganja kwenye boneti.
Moto.
"Umetoka nalo?"
"Hapana, nimelipasha tu, likupokee vizuri."
Mama yangu hupasha chai ya jana hivyo hivyo
mgeni akibisha hodi.
Nikamwambia nitakuja kesho, alilaze baridi.
Kesho simu yake haikupatikana,
wala keshokutwa.

La tatu sikulitafuta.
Niliambiwa wodini: nenda Majani Mapana,
kwa Mama Shelukindo, muuguzi mstaafu, macho yamegoma.
Starlet, namba A. Nyeupe,
weupe wa meno ya mvuta sigara,
mlango mmoja wa bluu.
"Redio haina," akaanza yeye, kabla sijauliza.
"Kioo cha kushoto hakishuki. Mlango huo nilikopa kwa marehemu gari jingine."
Akanipa daftari la kaunta.
Kila oili, tarehe na kilomita, mwandiko wa chati za wagonjwa:
*Rejeta inavuja. Nimeziba kwa sabuni, Mungu anisamehe.*
Mstari wa chini, wiki tatu baadaye:
*Rejeta mpya.*

Sumaku ikashika kila mahali. Hata kwenye bluu.
Fundi Mntambo akaiwasha baridi,
akanusa moshi, akasugua oili kwa vidole
kama anayeonja mchuzi wa jirani.
"Sura haina," akasema. "Moyo inao."

Bei milioni tatu na nusu.
Nikamwaga zangu zote mezani, zile za noti na zile za aibu.
Akazihesabu kwa vidole, taratibu,
akauliza nasoma mwaka wa ngapi.
"Laki tatu utanilipa Jumamosi Jumamosi.
Uje unipime presha."
Akafungua ukurasa mpya, akanisukumia kalamu.
"Andika."
Nikaandika.

Sasa sumaku inakaa mlango wa bluu, kwa ndani,
palipobanduka plastiki,
imeshika risiti ya mafuta ya elfu kumi.
Kwenye mashimo ya Duga mlango unalia, kioo kinalia,
mimi nazima feni nisikilize injini.
Mpaka leo risiti haijaanguka.