Kreti za Phulmaya

Nyanya hazilii.
Ndiyo maana hakuna aliyeuliza
kilichozipata kati ya Dhading na soko la Kalimati,
saa sita juu ya paa la basi,
kona juu ya kona, shimo juu ya shimo,
ndani ya doko, kikapu cha mwanzi
chenye mdomo mpana na kitako chembamba,
kilo arobaini zimeshindiliwa kama deni.

Za juu zilifika zikicheka.
Za kati zilifika na chapa ya mwanzi shavuni.
Za chini, zilizozibeba nyingine njia nzima,
zilifika maji.

Dalali Ratna hakugombana na mtu.
Aliinamisha doko, akanusa,
akasema, "Robo tatu,"
akalipa robo tatu.

"Mvua hunyesha, nyanya huoza," alisema mumewe,
na chai yake ikaendelea kupoa.
Lakini si yeye aliyezifunga kamba mche kwa mche,
wala si yeye aliyezitandazia turubai
usiku ule wa mvua ya mawe.
"Hazikuoza," alisema Phulmaya.
"Zimeuawa njiani."

Akakopa kwenye kikundi cha akina mama.
Kreti kumi na moja, buluu, matundu ubavuni.
Kila moja aliipapasa ndani kwa kidole
akitafuta ncha ya plastiki,
kama mtu anayetafuta jino la kwanza
katika ufizi wa mtoto.
Akachuma alfajiri, umande ukishakauka,
zile zenye wekundu wa haya tu;
akachomoa vikonyo, kwa kuwa kikonyo ni msumari;
akapanga tabaka tatu.
Ya nne ilimwita. Akaikataa.

Basini utingo alicheka:
"Na zikirudi tupu, zitalipa nauli?"
Zililipa.
Nusu nauli kwa ajili ya hewa,
na Phulmaya akaitukana hewa hiyo
mpaka daraja la Trishuli.

Kalimati, Ratna akainama, akanusa.
Akatia mkono mpaka chini.
Mkono ukatoka mkavu.
Akautazama kitambo, akasema,
"Kreti ni nzito. Natoa kilo mbili."
Phulmaya akageuza kreti moja kitako juu:
kwa rangi ya kucha, chini ya jina lake,
*kilo moja na nusu.*
Hakusema neno.
Nusu kilo mara kumi na moja
ni viatu vya shule.

Kreti kumi zilirudi.

Ya kumi na moja aliiona siku za Dasain,
mlangoni pa muuza kuku,
jina lake limepinduka miguu juu,
na ndani majogoo wawili wametulia, kifua mbele,
hawana hata mchubuko.
Muuzaji akaapa kreti ni ya babu yake.

Phulmaya akahesabu noti.
Akanunua majogoo, wote wawili,
akakataa kufungiwa kwenye mfuko.